Nilivyowashitaki Wakwe Zangu kwa Pumu ya Ngozi

Siku ya ubatizo wa mwanangu nilimkwida shemeji yangu mbele ya katekista, nikidai amemlisha mtoto sumu.

Watu walikuja kula wali, wakaondoka na habari.

Naitwa Anselim, wa hapahapa Ifakara. Naendesha mashine ya kukoboa mpunga. Ukinikuta mtaani utanijua kwa mambo mawili, vumbi la pumba kwenye nyusi, na domo. Vumbi nikioga linatoka. Domo ndilo lililoniponza.

Sasa tega sikio.

Mke wangu ni Merina, Msukuma, binti wa mzee Mabula wa Malinyi. Mzee ana ng'ombe, ana mashamba ya mpunga, na ana maneno machache. Mimi ni Mpogoro. Wazazi wangu walishuka kutoka Mahenge nikiwa mdogo sana. Nilipotaka kuoa, mama yangu, Serafina, hakunikatalia. Alisema tu, "Sawa mwanangu, lakini ukoo wenyewe hatuujui."

Neno hilo nikalitia mfukoni. Sikujua nitalitumia lini.

Tukapata mtoto wa kike, Eveline. Alizaliwa na mashavu manono, ya kutamani kuyauma. Alipofikisha kama miezi mitatu, mashavu yakakauka, yakapasuka, yakaanza kutoa majimaji. Hali hiyo ikahamia mikononi, ikashuka miguuni. Mtoto halali. Anajisugua uso kwenye shuka mpaka shuka inashika damu. Merina akawa anamvalisha soksi mikononi asijiparure.

Kliniki wakatupa dawa ya kupaka, wakasema ni pumu ya ngozi.

Nikacheka. Pumu naijua, inakaa kifuani. Marehemu baba yangu alikuwa nayo, ikimbana tulikuwa tunamsikia mpaka nje. Sasa pumu inafikaje kwenye shavu la mtoto? Nikaona wametaja jina lolote ili foleni isogee.

Dawa ilisaidia, ukiacha inarudi. Mimi kilichorudi mara mbili nakihesabu kimeshindikana.

Hapo ndipo nikajipa udaktari.

Mama mkwe alituma samli kutoka Malinyi, akasema tumpake mtoto. Nikaiangalia ile chupa, nikalikumbuka neno la mama. Ukoo hatuujui. Nikamwambia Merina samli imevunda.

Haikuwa imevunda. Niliila mwenyewe kwa wali, siku baada ya siku, na ilikuwa tamu asikwambie mtu.

Badala yake nikaingia kwenye grupu moja la WhatsApp la tiba za asili. Humo kila mtu ni bingwa. Mmoja akasema mafuta ya karanga mbichi yanarudisha ngozi ya mtoto ikawa laini ndani ya wiki. Nikatwanga karanga kwenye kinu, mimi mwenyewe, mwanaume mzima, majirani wakichungulia. Nikakamua mafuta kwa kitambaa. Nikampaka Eveline usoni, mikononi, kila penye kidonda.

"Baba Eveline, hapo pamepasuka," Merina aliniambia. "Unapaka kwenye nyama."

"Ndiyo yaingie vizuri."

Hayo ndiyo yalikuwa majibu yangu. Yaingie vizuri.

Kwa miezi nikapaka. Ngozi ilipong'aa nikasema dawa inafanya kazi. Ilipopasuka nikasema uchafu unatoka. Mganga wa namna hiyo hashindwi kesi.

Ubatizo tulikuwa tumeuahirisha kwa sababu yangu. Nilikuwa naona aibu kumpeleka kanisani mtoto mwenye uso wa vidonda. Alipokaribia mwaka, Merina akasema inatosha, Mungu hachagui ngozi. Tukabatiza.

Nyumbani kulipikwa hasa. Wali, kuku, na mchicha wa karanga wa mama yangu, ule mzito unaoganda kwenye kijiko. Kutoka Malinyi alikuja shemeji yangu Seni, mdogo wake Merina, kijana mrefu mpole. Akampakata mpwa wake, akamlisha wali kidogo na mboga.

Mimi nilikuwa nimesimama natoa shukrani kwa wageni. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kunoga.

Nikasikia Merina anasema, "Mbona midomo inavimba?"

Nikageuka. Midomo ya mwanangu imekuwa minene, macho yanajifunga, mwili umetoka mabaka shingoni mpaka tumboni. Akatapika. Halafu akaanza kuvuta pumzi kwa mlio.

Mtu mwenye akili angekimbiza mtoto hospitali.

Mimi nikamwachia Merina mtoto, nikamrukia Seni. Nikamkwida. "Umemlisha nini mwanangu? Mmetumwa nini na wazee wenu?"

"Wali na mboga, shemeji. Vya kwenye sufuria lenu."

"Sema ukweli."

Katekista Osward akaingia katikati, akaniambia taratibu, "Anselim, mtoto."

Nilipolegeza mkono, Seni hakunijibu wala hakunipiga. Alikwenda nje, akapiga kiki pikipiki yake, Merina akapanda nyuma na mtoto, wakaondoka. Mimi nikabaki mbele ya wageni, na vidole vyangu bado vimekunjwa kushika kola ambayo haipo.

Nilifika hospitali kwa bodaboda nikiwa na mama yangu. Eveline alikuwa ameshachomwa sindano ya paja. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, pumzi imetulia. Merina amekaa kitandani amemkumbatia, hanitazami. Seni amesimama mlangoni.

Muuguzi akasema wangechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine.

Yule niliyemwita muuaji ndiye aliyewahi. Hilo nililielewa palepale, ila nikalimeza bila kutafuna.

Daktari alikuwa dada mmoja, Daktari Herieth, mtaratibu. Akakaa nasi, akauliza mtoto amekula nini. Alipofika kwenye mchicha wa karanga akasogeza kiti.

"Amewahi kula karanga kabla ya leo?"

"Hajawahi," Merina akasema.

"Na kwenye ngozi mmekuwa mkimpaka nini?"

Hapo nikajitengeneza kwenye kiti. Nilikuwa nalisubiri swali hilo. "Mafuta ya karanga, daktari. Mbichi. Nakamua mwenyewe."

Daktari akamtazama mtoto, kisha mimi. Mimi bado natabasamu.

Akanieleza polepole kama anamweleza mtoto wa chekechea, na sikustahili zaidi ya hapo. Alisema ngozi ya watoto wa namna hii huzaliwa na udhaifu. Haishiki unyevu vizuri, na ina mianya ambayo macho hayaioni. Vitu vya nje vinapenya. Chakula kikiingia kwa mdomo, mwili hujifunza kukipokea. Kikianza kuingia kwa kidonda, mwili unaweza kukihesabu adui, na siku kikija kwa mdomo unapigana nacho. Hiyo ndiyo aleji.

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Siwezi kukuapia kwamba ni mafuta peke yake. Watoto wenye ngozi hii wako kwenye hatari ya aleji hata bila hayo. Lakini usimpake tena. Na karanga asile kabisa mpaka tumpime vizuri."

Kisha akafungua faili. "Huo udhaifu wa ngozi mara nyingi unarithiwa. Unakuja na ndugu zake, pumu ya kifua, mafua yasiyoisha, macho kuwasha. Kwenye koo zenu kuna mtu mwenye hali hizo?"

"Kwetu tuko sawa," Merina akasema.

"Kwetu hakuna," nikasema na mimi. Halafu nikapiga chafya tatu mfululizo.

Daktari akaniangalia. "Hayo mafua?"

"Ni pumba, daktari. Nafanya kazi mashineni."

"Wenzako mashineni nao wanapiga chafya hivyo?"

Nikamfikiria Gosbert, mwenzangu, anayelala juu ya magunia ya pumba na kukoroma. "Wao wamezoea," nikasema.

"Na wazazi?"

"Baba alikuwa na pumu, lakini ile ilikuwa ya sigara za kusokota."

Akaandika. Akamgeukia mama yangu. "Mama, huyu baba utotoni ngozi yake ilikuwaje?"

Mama alikuwa anarekebisha kanga begani. Akairekebisha kwa muda mrefu.

"Nzuri tu," akasema. "Kama ya wenzake."

Basi. Nilikuwa nimebanwa ukutani, mama akanifungulia dirisha. Na mimi nikaruka.

Daktari alipotoka nikamsogelea Merina, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Sawa, karanga ni zangu. Nakubali. Ila umesikia mwenyewe, ngozi inarithiwa. Kwetu haipo. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi."

Merina alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mtoto akiruhusiwa, naenda kwetu," akasema. "Hesabu yako utaimalizia huko ulikoianzia."

Nilidhani anatishia. Eveline aliporuhusiwa, Merina alirudi nyumbani kuchukua nguo tu. Seni alikuwa anasubiri nje. Aliniamkia shikamoo kama kawaida, jambo lililoniuma kuliko matusi.

Nikabaki na nyumba. Nikawa nakoboa mpunga wa watu mchana, jioni narudi napika ugali wenye mabonge. Nampigia Merina, simu inaita mpaka inachoka. Ukitaka kujua mwanaume anajua nini, mwache peke yake na soksi ndogo za mtoto kwenye kamba ya kuanikia. Nilikuwa nazitazama, sizianui.

Mwishowe aliyepiga ni mzee Mabula.

"Mkwe, njoo. Uje na mama yako. Tuzungumze."

Nikaenda nimejiandaa. Njia nzima kwenye gari, tangu tuvuke daraja la Kilombero, tukapita Lupiro, mpaka tunaikaribia Malinyi, nilikuwa napanga hoja. Moja, inarithiwa. Mbili, kwetu haipo. Tatu ilikuwa sawa na ya kwanza, ila kwa sauti kubwa. Mama pembeni yangu hakusema neno. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Tukapokelewa vizuri, tukapewa maji, tukapewa maziwa. Merina akaja kumsalimia mama, akapiga goti, "Shikamoo mama." Eveline alikuwa mgongoni. Mashavu yake yalikuwa yametulia, yanang'aa kwa mafuta mazito ya kawaida, yale ya dukani yasiyo na harufu. Aliponiona akacheka. Nikasahau hoja ya pili.

Mzee Mabula akaanza. "Mkwe, nimesikia unasema damu yetu ina ugonjwa. Mimi siyo daktari. Wewe ndiye umefanya uchunguzi. Tueleze."

Nikasimama. Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, ndugu msomaji, kwa mifano, nikatumia na neno vinasaba. Ukimya wa wale wazee nikauchukua kuwa ni heshima. Nilipofika kwenye "kwetu sisi haipo", nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ipo."

Ilikuwa ya mama.

"Kaa chini, Anselim."

Nikakaa.

Hakunitazama. Alimtazama mzee Mabula. "Baba, nyumba yako haina kosa. Huyu alikuwa hivyohivyo, na zaidi. Mpaka anatembea alikuwa amefungwa vitambaa mikononi. Viwiko vyake vilikuwa havikunjuki kwa vidonda. Alipokuwa na kama miaka mitano ikaisha yenyewe, yakabaki mafua."

Nikataka kusema kitu. Mdomo, ule ambao haujawahi kuniangusha, ukagoma.

"Kule Mahenge," mama akaendelea, "mama mkwe wangu alisema mimi ndiye niliyeleta. Alisema kwetu tuna uchafu wa damu. Nilirudishwa kwa baba yangu, nimembeba huyu mgongoni, watu wananiangalia njia nzima. Mume wangu alikuja kunichukua, tukashukia Ifakara, hatukurudi kuishi kule. Na aliyekuwa anajikuna mpaka uzee wake ni huyo mume wangu. Mgongo wake nilikuwa naukuna mimi. Mama yake alikuwa anajua. Lakini ilikuwa rahisi kusema ni mimi."

Merina akauliza, kwa upole kabisa, "Mama, mbona siku ile hospitali hukusema?"

Mama akamgeukia. Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta.

"Daktari alipouliza nilirudi Mahenge," akasema. "Nikaogopa. Nikajiambia, angalau safari hii si mimi."

Mama mkwe wangu alinyanyuka kwenye kiti chake, akaenda kukaa kwenye mkeka pembeni ya mama, akamshika mkono.

Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka macho. Nilikuwa nimefanya kwa Merina kile kilekile alichofanyiwa mama yangu, tena nikamleta mama akae mbele ashuhudie.

Nikapiga magoti mbele ya mzee. "Baba, nimekosa."

"Umekosa," mzee akakubali, bila kunipunguzia hata kidogo. "Mke wako yuko pale. Hilo goti umelielekeza kwangu kwa nini?"

Nikageuka kwa magoti hivyohivyo, kwenye mchanga, mpaka kwa Merina. Nikamwomba radhi. Nikamgeukia Seni, nikamwomba na yeye. Nilivyoanza hata mbuzi wa pale ningewaomba.

Nikasema nimekuja kumchukua mke wangu. Merina akatikisa kichwa.

"Mtoto anatulia hapa. Daktari alisema apakwe mafuta mazito kila akitoka kuoga, sabuni isiwe na marashi, dawa ipakwe kikiamka kidonda. Wewe hujui hata kimoja. Njoo ujifunze, halafu tutaona."

Nikawa naenda Malinyi kila Jumapili. Nampaka mwanangu mafuta mbele ya wakwe, mama mkwe ananisahihisha, "Mkwe, unasugua. Paka, usisugue." Wale watu waliniona mtaalamu wa vinasaba siku ile ya kwanza, sasa wananifundisha kumkausha mtoto kwa taulo.

Nikajitoa na kwenye lile grupu la WhatsApp. Kabla sijatoka niliwaandikia kisa chote. Bingwa wa karanga akajibu kwamba nilikosea kipimo.

Merina alirudi kabla mvua kubwa hazijaharibu barabara. Daktari Herieth alipoyasikia ya mama hakulaumu mtu. Alisema hakuna anayechagua cha kurithisha, yeye anachotaka ni kujua ili ajue pa kuangalia. Mimi mwenyewe akanipa dawa ya mafua. Nilikuwa sijui kwamba binadamu wanavuta hewa kwa matundu yote mawili ya pua.

Mama naye alibadilika. Alianza kuwasimulia wakwe wa watoto wa jirani, bila kuulizwa, kuwa familia yetu ni ya pumu na ngozi. Mimi pia nikawa mnyenyekevu wa kujionyesha. Kila nikikaa na watu, "Mtoto amenirithi mimi, kosa ni langu, ni damu yangu mimi." Nilijishusha mpaka ikawa majivuno mengine.

Hali ikaendelea hivyo mpaka siku Seni alipokuja Ifakara kutusalimia.

Mama akampikia kambale wa nazi, mkubwa, wa heshima. Seni akala wali, akala matembele. Kambale akamsogeza pembeni ya sahani kwa adabu.

"Shemeji, humli samaki wetu?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeanza kuumia kwa niaba ya mama.

Akamwangalia dada yake.

"Kambale nikimla navimba midomo," akasema. "Tangu mdogo. Na marehemu bibi yetu alikuwa hivyo, na yeye alikuwa na ile ngozi."

Nikaweka tonge chini.

"Ngozi ipi?"

"Ya Eveline."

Nikamgeukia Merina. Alikuwa amezama kwenye sahani yake kama mtu anayetafuta mwiba, na kwenye sahani hiyo hapakuwa na samaki. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Anacheka.

"Merina. Daktari alikuuliza. Ukasema mko sawa."

"Na wewe ulisema kwenu hakuna," akanijibu.

"Na siku ile Malinyi? Nimepiga magoti mpaka nikachubuka."

"Magoti yalikuwa ya kunisingizia," Merina akasema. "Siyo ya ngozi."

Seni akajieleza kwa heshima zote. "Shemeji, baba alituambia kabla hamjafika, mkimpa huyu fimbo atatuchapa nayo. Halafu mama Anselim akasema yale. Tukaona aibu. Sasa tungeanzia wapi?"

Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaogopa ameumia. Kumbe alikuwa anajizuia. Akaanza kucheka yeye, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Kwa hiyo mimi nimelia peke yangu mbele za watu," akasema, "na wenzangu mmekalia yenu." Akamchotea Seni matembele mengine.

Kesho yake sote tulikwenda kwa Daktari Herieth. Akaandika ya Mahenge, akaandika ya Malinyi. Akasema sasa ndiyo anaona picha nzima, maana mtoto anaweza kuchota kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Akatuambia pia ni vyakula gani vya kuanza kumpa Eveline taratibu, na vipi tusimpe kabla ya kumwona yeye.

Leo Eveline anakimbia. Ngozi ikichachamaa tunajua cha kufanya, na karanga haiingii ndani mwetu.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na mtoto anayejikuna, kabla hujamuuliza mwenzako ukoo wake umeleta nini, nenda kakae na mama yako umuulize wewe ulizaliwaje. Muulize kwa upole. Huenda kuna mtu alimfanya akae kimya muda mrefu.